Utakatifu na Mali ya Jirani

Mara nyingi twadhani ya kuwa utakatifu ni kazi ya mapadre, nasi wengine yatutosha kuimba siku ya Jumapili. Lakini Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko, alipompokea Yesu nyumbani mwake, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara 4 kila aliyemdhulumu. Na katika Afrika yetu pia, uamsho wa Gahini, nchi ya Rwanda, ulipoenea miaka ya 1930, watu walirudisha vitu walivyokuwa wameviiba. Basi tujiulize: je, jembe la jirani limo nyumbani mwetu tangu masika? Tulirudishe leo, kabla ya kusali. Moyo hausafiki ikiwa mkono ungali umeshika mali ya mtu. Kwaherini.