Kemia na Jiko la Shule
(Maelezo yaliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kizota)

Nimeombwa niseme juu ya uhandisi wa kemia na hifadhi ya mazingira. Nitaanzia jikoni, kwani huko ndiko miti yetu inakoishia.

Mkoa wetu ni mkame. Mvua tunayo ya msimu mmoja tu, na mti ukikatwa huchukua miaka kupata mwingine wa kimo chake. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa sababu mmomonyoko ulikwisha kuchimba makorongo makubwa, hasa Kondoa. Mwaka 2024 ukazinduliwa mkakati wa Taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Shule nazo zimo.

Njia moja ni biogesi, yaani gesi itokanayo na samadi na taka zinazooza pasipo hewa. Vijidudu ndivyo vifanyavyo kazi. Mhandisi huvitengenezea makazi: shimo lisilovuja, joto la kutosha na chakula cha kila siku. Kiasi cha asilimia 60 ya gesi hiyo ni methani, ndiyo inayowaka. Imo pia salfidi ya hidrojeni kidogo, yenye harufu ya mayai viza, ambayo hula vyuma. Hiyo huondolewa kwa kuipitisha gesi kwenye kutu ya chuma. Wanafunzi waone kwamba somo la kemia halikuwekwa kwa ajili ya mtihani tu.

Jambo hili si geni nchini. SIDO ilianza kujenga mitambo ya namna hii mwaka 1975, na CAMARTEC ya Arusha ikaiendeleza miaka ya 1980. Huko Hale, mkoani Tanga, mwaka 2007 ulianza kazi mtambo wa majaribio wa kilowati 150 uliotumia mabaki ya mkonge, ambayo zamani yalitupwa.

Hata hivyo, mitambo mingi imekufa kwa kukosa maji, au kwa kukosa mtu wa kuilisha. Samadi ya ng'ombe huhitaji maji kiasi sawa nayo, na hapa Dodoma maji ni shida. Kwa hiyo napendekeza mtambo wetu upokee maji ya vyoo vya mabweni, ambayo yapo kila siku. Yatokayo humo yamwagiwe miti ya kivuli na ya kuni, si mboga.

Tusidanganyane. Mtu mmoja hutoa gesi ya lita 20 hadi 30 hivi kwa siku. Wanafunzi 500 watatoa mita za ujazo zipatazo 10 au 15. Hizo zitachemsha uji wa asubuhi, hazitaivisha maharagwe. Maharagwe yatahitaji kulowekwa usiku kucha na jiko bora.

Lakini uji wa kila asubuhi, mwaka mzima, ni kuni nyingi zitakazobaki porini. Basi sisi wa zamani tuchange fedha za ujenzi, na pia mshahara wa mtunzaji kila mwaka. Nanyi wanafunzi mpime gesi kila siku na kuandika daftarini. Bila daftari hilo, hatutajua mtambo unaumwa mpaka ufe.