Panya, Kasuku na Fuko: Habari za Umri wa Wanyama

Leo tutazungumza juu ya umri wa wanyama. Ninyi mnaosoma pamoja na mwalimu, mwombeni aandike ubaoni maneno mawili: metaboli na jeni. Maneno haya ni mageni, lakini mambo yenyewe mnayo miilini mwenu.

Mzee mmoja wa darasa letu la jioni aliniuliza hivi: “Mwalimu, nasikia moyo umepewa hesabu ya mapigo. Basi mimi niliyelima kwa nguvu tangu ujana, si nimekwisha kuyatumia yangu?” Wenzake wakacheka, lakini yeye hakucheka. Leo nataka nimjibu.

Tuanze na panya mdogo wa nyumbani. Uzito wake ni kama gramu 25, na kila siku hula gramu 4 hivi za nafaka, yaani karibu sehemu moja katika sita ya uzito wake. Kama mtu wa kilo 60 angekula kwa kadiri hiyo, angehitaji kilo 10 za mahindi kila siku! Ya nini chakula chote hicho? Sababu ni udogo wake. Mnajua kwamba kikombe cha chai hupoa upesi kuliko sufuria nzima. Mwili mdogo nao hupoteza joto upesi, kwa hiyo panya hana budi kuchochea moto wake mchana na usiku. Kazi hii ya mwili ya kukigeuza chakula kuwa joto, nguvu na nyama ndiyo metaboli. Moyo wa panya hupiga mara 500 na zaidi kwa dakika, na hata akifugwa vizuri, miaka 3 ni mingi kwake. Moyo wa tembo hupiga mara 30 hivi, naye aweza kufika miaka 60 au 70.

Mwaka 1908 mtaalamu wa Ujerumani, Max Rubner, alifanya hesabu ya wanyama kama farasi, ng’ombe, mbwa na paka. Akaona kwamba kila gramu ya mwili huunguza chakula karibu sawasawa katika maisha yote ya mnyama. Anayeunguza upesi humaliza upesi. Mwaka 1928 Mmarekani Raymond Pearl akaandika kitabu cha kuieneza rai hiyo. Kwa hiyo mzee wetu yuko pamoja na wakubwa. Lakini wakubwa hao walikosea. Hata katika hesabu ya Rubner mwenyewe binadamu hakuingia. Aliwapita mno wanyama wale.

Tena mtazameni kasuku. Mwili wake una joto kuliko wetu, na moto wake huwaka kwa nguvu. Lakini kasuku afugwaye huweza kuishi miaka 40 na zaidi, hali panya mkubwa mwenye uzito kama wake hufa katika miaka 3. Basi iko sababu nyingine.

Sababu hiyo ni jeni. Mwili umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli, isipokuwa za aina chache, yamo maagizo ya kuujenga mwili na kuutengeneza unapoharibika. Kila agizo ni jeni. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi 4 tu, nanyi mmekwisha kujifunza 24!

Yuko mnyoo wa udongoni, urefu wake milimita moja, ambaye huishi majuma mawili au matatu. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake huko California walieleza kwamba minyoo iliyobadilika jeni moja tu, iitwayo daf-2, iliishi zaidi ya mara mbili ya mingine. Jeni hiyo husaidia kuupa mwili habari kwamba chakula kipo. Ikilegea, mwili huacha haraka ya kukua, ukazidi kujilinda. Mnaona? Jeni huiamrisha metaboli.

Sasa nawaleta kwa jirani yetu. Katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia yuko fuko asiye na manyoya. Uzuri hana, nasema kweli: ngozi imekunjamana tangu ujana, na meno yametokeza nje ya midomo. Ukubwa wake hauzidi sana panya wa nyumbani, lakini huweza kuishi zaidi ya miaka 30. Moto wake ni mdogo kweli, joto lake digrii 32 hivi, lakini hilo peke yake haliwezi kuzidisha umri mara kumi. Saratani humpata kwa nadra sana. Mwaka 2013 Vera Gorbunova, Andrei Seluanov na wenzao wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walieleza kwamba seli zake hutoa ute mzito unaozizuia zisizidi kuongezeka ovyo. Mwaka 2023 wakaeleza kwamba waliwapa panya jeni ya fuko inayotengeneza ute huo. Panya hao hawakupata saratani sana, wakaishi kuliko wenzao. Lakini walizidi kidogo tu, wala hawakukaribia miaka 30, maana umri wa fuko umeshikwa na jeni nyingi zinazosaidiana.

Basi mzee wangu, kama unasikiliza, hakuna hesabu ya mapigo. Tena moyo wa mtu aliyezoea kazi, anapopumzika, hupiga polepole kuliko wa asiyezoea. Lima tu.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutaeleza jinsi mtoto anavyopata sura ya baba na ya mama. Kwaherini.