Moyo na Njia ya Damu



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, tunamwomba kila anayetusikiliza aweke vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Kinachodunda hapo ni pigo la moyo lililosafiri ndani ya mshipa. Kwa mtu mzima aliyetulia, mapigo hukaribia 70 kwa dakika, yaani kama 100,000 kwa siku, na kila dakika moyo husukuma damu ipatayo lita 5. Wala hatuuamrishi, sisi tumelala, nao u kazini.

Moyo una pande mbili zilizotengwa kwa ukuta wa nyama. Upande wa kulia hupokea damu iliyorudi kutoka mwilini na kuipeleka mapafuni ikapate hewa safi. Upande wa kushoto huipokea kutoka huko na kuisukuma mwili mzima. Mna vilango vinavyopitisha damu kwa upande mmoja tu, na zile sauti mbili azisikiazo daktari kifuani ni vilango hivyo vikijifunga.

Jambo hili halikujulikana kwa wepesi. Kwa zaidi ya miaka 1,000 matabibu walishika kauli ya Galen, tabibu wa Kiyunani, kwamba ukuta ule una vitundu visivyoonekana ambamo damu hupenya. Hata Ibn Sina, imamu wa fani hiyo, aliifuata. Aliyeikataa, katika karne ya 13, ni Ibn an-Nafis, tabibu aliyesoma Damascus na kuishi Cairo, naye ni mwanachuoni wa fiqhi ya Shafii. Alipokuwa akikisherehesha kitabu cha Ibn Sina, alieleza kuwa ukuta huo ni mnene, hauna tundu la dhahiri wala la siri. Basi damu haina budi kupitia mapafuni. Sisi tuliokaa mbele ya masheikh tukishika kitabu tunajua uzito wa kuandika sherehe, na ndani ya sherehe hiyohiyo kusema kwamba mwenye kitabu amekosea.

Kauli yake ilisahauliwa, na sifa wakapewa matabibu wa Ulaya wa karne ya 16, hadi mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, Muhyiddin at-Tatawi, alipoikuta katika nakala iliyohifadhiwa Berlin. Mwenyewe alifariki mwaka 1288, akiwa ameiachia nyumba yake na vitabu vyake hospitali ya Mansuri, Cairo.