Sheria na Mtafuta Habari

Mwandishi wa gazeti hawezi kuandika asilolijua, na mengi ayatafutayo yamo katika mafaili ya serikali. Kwa hiyo Kenya ilitunga sheria mwaka 2016: raia aombaye habari ajibiwe katika siku 21; na ikiwa ni jambo la uhai au uhuru wa mtu, zisipite saa 48. Tanzania nayo ilitunga yake mwaka ule ule, ikaweka siku 30.

Lakini habari ni kama samaki, haikawii kuoza. Mwandishi akingojezwa mpaka siku ya mwisho, uvumi humtangulia sokoni. Basi sisi tushikao mafaili, lisilokatazwa na sheria tulitoe mapema, watu wapate kuijua kweli.