Daftari Lisilale Kabatini

Ndugu zetu na walimu, twawaeleza mafunzo tuliyopewa sisi watumishi wa zahanati. Katika vitabu vya MTUHA, cha 6 huandikwa waja wazito, cha 7 watoto. Zamani tulijaza, tukajumlisha, tukapeleka wilayani, kisha tukasahau. Sasa kila mwisho wa mwezi twakifungua tena na kuulizana: Mtoto gani hakurudishwa kuchanjwa? Basi twamwendea kwao. Mgonjwa akipelekwa hospitali, habari zake huenda naye katika barua iliyofungwa. Wilayani hupelekwa hesabu tu, si majina; kwani siri ya mgonjwa ni amana, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yailinda. Nanyi mkituona twapiga hodi kwa jirani, msituulize twamfuatia nini.