Maji Yakiingia Getini: Jinsi Malalamiko ya Mtaro Yanavyosuluhishwa Ruiru
Maelezo kwa wakazi wa Kaunti Ndogo ya Ruiru



Mvua za masika na za vuli zikifika, ofisi za wadi hupokea lalamiko ambalo karibu kila mtaa unalijua: maji ya barabarani yameingia kwa geti, yamebeba changarawe ya njia ya gari, na sasa yanagonga mlango wa nyumba. Mwenye nyumba anasema ni kosa la kaunti. Jirani wa juu anasema ni kosa la jirani wa chini. Maelezo haya yanaeleza lalamiko kama hilo lipelekwe wapi, nani anawajibika kwa lipi, na mwananchi afanye nini asipojibiwa.

Kwanza, tuelewe maji yanatoka wapi. Sehemu kubwa ya Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa na ranchi. Mvua ilinyesha, udongo na majani vikashika maji, na yaliyobaki yakateremka polepole kuelekea mito. Leo mashamba hayo ni ploti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,417,735 katika Kaunti ya Kiambu, na Ruiru ni miongoni mwa sehemu zilizojaa haraka zaidi. Paa la mabati, ua wa saruji na njia ya kabro havinywi maji.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina karibu mita za mraba 465. Mvua ya milimita 30 ikinyesha hapo, ni karibu lita 14,000, zaidi ya tangi la lita 10,000 likiwa limejaa. Kama kuna ploti 20 kama hiyo upande wa juu wa barabara na zote zimefunikwa kwa saruji na mabati, ni karibu lita 280,000 zinazotafuta njia. Zisipopata mtaro, zitapita kwa geti lililo chini kuliko mengine.

Pili, udongo. Upande wa mashariki wa Ruiru una udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba unapolowa. Ukishavimba haupitishi maji. Ndiyo sababu shimo la kunyonya maji, linalofanya kazi vizuri kwenye udongo mwekundu, hujaa hapo na kukaa limejaa.

Sasa chukua mfano wa mama mwenye nyumba kwenye barabara ya mtaa iliyo na mteremko mdogo. Greda ilipita, changarawe mpya ikamwagwa, na barabara ikainuka kuliko geti lake. Mvua ya kwanza ikaingiza maji hadi sebuleni. Huyu mama afanye nini?

Hatua ya kwanza ni kujua barabara ni ya nani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya barabara za kaunti na mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Barabara kuu za kitaifa zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo maji yakitoka kwenye mtaro wa Barabara Kuu ya Thika, anayehusika ni KeNHA. Ziko barabara nyingine zinazosimamiwa na KURA au KeRRA, mamlaka zilizoundwa na Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007. Barabara nyingi za ndani ya mitaa ni za kaunti. Na ziko njia za ndani ya mitaa ya binafsi ambazo hazijawahi kukabidhiwa umma. Hizo hutunzwa na wenyewe. Msimamizi wa wadi ndiye wa kuulizwa kwanza. Barabara ikiwa si ya kaunti, mwananchi anastahili kuambiwa hivyo mapema na kuelekezwa panapofaa, asizungushwe ofisi hadi ofisi.

Na kabla ya kuandika barua, anuse maji. Yakiwa na harufu ya choo, hayo ni majitaka, na lalamiko liende kwa kampuni ya maji na majitaka ya Ruiru na Juja, RUJWASCO. Kama ni jirani aliyefungulia tangi lake la choo kwenye mtaro wakati wa mvua, hilo ni kosa la afya ya umma, na afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo ana mamlaka ya kulishughulikia.

Hatua ya pili ni kuandika. Simu husaidia dharura, lakini barua ndiyo huacha kumbukumbu. Barua nzuri haihitaji wakili. Itaje jina la barabara na nambari ya ploti, tarehe ambazo maji yaliingia, yalitoka upande gani na yalifika wapi. Iambatane na picha: moja ikionyesha mtaro upande wa juu, moja getini, moja upande wa chini. Picha iliyopigwa mvua ikinyesha ina thamani kuliko kumi za jua. Ipelekwe ofisi ya wadi, nakala kwa ofisi ya kaunti ndogo, na mwandikaji abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Majirani walioathirika watie sahihi pia, kwa sababu maji ya mtaa mzima hayatatuliwi kwa geti moja.

Hatua ya tatu ni ukaguzi, na hapa ndipo mambo mengi hugeuka. Afisa wa barabara akifika, haangalii geti la mlalamishi peke yake. Hutembea mtaro wote kuanzia juu hadi mahali maji yanapotokea. Katika mfano wetu angekuta mambo matatu. Barabara kweli imeinuliwa na mtaro haukuchimbwa upya baada ya greda: hiyo ni kazi ya kaunti. Upande wa chini, wenye nyumba sita wameziba mtaro kwa zege ili magari yavuke, na mmoja amepanda ua juu yake: hiyo ni kazi ya wenye nyumba. Na chini ya geti la mama mwenyewe kuna bomba la milimita 300, ambalo fundi alimwekea kwa sababu lilikuwa rahisi kununua, na nusu yake imejaa mchanga.

Bomba hilo linahitaji maneno kidogo. Wengi hudhani bomba la milimita 300 hubeba nusu ya maji ya lile la milimita 600. Sivyo. Tundu lake ni robo tu, na kwa mteremko uleule bomba kubwa likijaa hupitisha karibu mara sita ya dogo. Kwa hivyo nyumba kumi zikiwa na makalvati makubwa na moja ikiwa na dogo, mtaro wote una uwezo wa lile dogo. Maji yatakusanyika nyuma yake na kuingia kwa jirani wa juu, ambaye hakukosea lolote.

Sheria hiyo ya Barabara za Kenya inakataza mtu kujenga au kulaza kitu kwenye hifadhi ya barabara bila idhini ya maandishi ya mamlaka husika. Kivuko cha geti kiko kwenye hifadhi hiyo. Kwa barabara ya kaunti, mwenye nyumba aombe idhini kabla ya kujenga, na aulize mhandisi ukubwa wa bomba na kina cha kulilaza. Gharama ya kuuliza ni ndogo. Gharama ya kuvunja zege na kujenga tena ni kubwa, na humwangukia aliyejenga bila idhini.

Suluhisho la mfano huu basi lingegawanywa. Kaunti ichimbe na kusafisha mtaro, iurudishie mteremko wake. Wenye nyumba sita wapewe notisi ya maandishi yenye muda wa kufungua mtaro na kuweka makalvati ya ukubwa mmoja. Mama abadilishe bomba lake, na kwa kuwa ua wake uko chini ya barabara, ajenge mwinuko mdogo getini au mfereji wenye wavu wa chuma unaokatiza njia ya gari, ili maji yageukie mtaroni. Hakuna aliyepata alichotaka kwa ukamilifu. Lakini kaunti ikifanya sehemu yake na wenye nyumba wakaacha yao, maji yatarudi mvua ijayo.

Yako mambo ambayo kuchimba peke yake hakutoshi. Mtaro wa zege au kalvati la kukata barabara huhitaji pesa zilizo kwenye bajeti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hivyo mtaa unaotaka mtaro mpya ufike kwenye vikao vya maoni ya umma, utaje barabara kwa jina, na umkumbushe mwakilishi wadi. Lalamiko la Mei huenda likawa limechelewa kwa bajeti ya Julai. Lisubiri Septemba likiwa na nakala zake.

Je, ofisi isipojibu? Mwananchi hana haja ya kuomba kama anayeomba msaada. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya huduma ya kiutawala iliyo ya haraka, halali na ya haki, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi unapomwathiri. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa haki ya kuwasilisha ombi kwa serikali ya kaunti, na inaitaka kaunti ijibu bila kuchelewa. Anaweza pia kupeleka ombi katika Bunge la Kaunti. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inamruhusu kuomba kumbukumbu, kwa mfano ramani ya barabara, na inaipa ofisi siku 21 kujibu. Ikishindikana, iko Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman, ambayo hupokea malalamiko bila malipo.

Jambo lisilofaa ni lile linalofanywa usiku: kuweka magunia ya mchanga barabarani na kumsukumia jirani maji. Mvua za masika za 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini, na wengi walionusurika walipoteza nyumba na mali. Maji yaliyozuiwa hapa hubomoa ukuta kule, na mtoto anayetoka shuleni hawezi kujua mtaro uliofunikwa na maji ni wa kina gani.

Kabla ya mvua zijazo, kila mwenye nyumba afanye mambo mawili. Atoe mchanga kwenye kalvati la geti lake, na aelekeze gata za paa kwenye tangi badala ya barabarani. Akiona mtaro wa kaunti umeziba, aandike leo. Mtaro huchimbwa vizuri ukiwa mkavu.