LEZA YA BULUU NYUMBANI: LINDA MACHO YA MWANAO

Leo nazungumza nawe mama, nawe mlezi, unayeishi na kijana anayependa vyombo vya umeme. Kijana huyu hufungua redio mbovu, huchomoa vipuri, na sasa anasema anataka kujitengenezea projekta ya leza, ile mashine inayochora maumbo ya rangi ukutani kama tunavyoona kwenye tamasha za muziki.

Kwanza, usimgombeze. Kazi hii inahitaji akili. Projekta ya aina hiyo ina leza tatu: nyekundu, kijani na buluu. Miale yake huunganishwa ikawa mmoja, kisha vioo viwili vidogo vinavyotikisika upesi sana huupeleka huku na huko mpaka jicho linaona mchoro mzima.

Zamani leza ya buluu ilikuwa adimu. Mjapani Shuji Nakamura na wenzake katika kampuni ya Nichia ndio walioleta dayodi za leza za rangi hii katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2010 kampuni ya Casio ilianza kuuza projekta za ofisini zenye dayodi za buluu 24 ndani yake. Mafundi wa kujifurahisha huko ng'ambo wakawa wanazinunua na kuzibomoa ili wapate dayodi hizo, kila moja ikiweza kutoa karibu wati moja ya mwanga. Leo kipuri kama hicho, chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kinaagizwa kwa simu na kuletwa mpaka mjini.

Utauliza, wati moja ni kitu gani, na balbu ya nyumbani ni wati nyingi zaidi? Mama, mwanga wa balbu husambaa chumba kizima. Mwanga wa leza huenda pamoja kama uzi. Ukiingia jichoni, lenzi ya jicho huukusanya tena mpaka uwe nukta ndogo kabisa juu ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ni kama vile kioo cha kukuza kinavyokusanya jua na kuchoma karatasi.

Leza inayohesabiwa kuwa salama kwa kupepesa jicho haizidi miliwati 1. Jicho hufumba kwa robo ya sekunde hivi, na muda huo hutosha kulikinga. Lakini wati moja ni miliwati 1000. Kabla jicho halijafumba, retina imekwisha kuungua. Leza inayopita miliwati 500 imo katika daraja la 4, la hatari kuliko yote. Mwale wake ukigonga sufuria inayong'aa, kioo au saa ya mkononi, unaweza kurudi na kuumiza mtu aliyekaa pembeni. Unaweza pia kuwasha pazia au chandarua.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Jicho letu haliioni buluu vizuri. Wati moja ya leza ya buluu ya nanomita 445 huonekana hafifu karibu mara 30 kuliko wati moja ya leza ya kijani ya nanomita 532. Kijana anapolinganisha rangi ili apate nyeupe, huona buluu haitoshi, basi huongeza nguvu. Kinachoonekana hafifu ndicho kinachochoma. Kwa hiyo dayodi haipimwi kwa macho, wala kwa kuona kama inawasha kiberiti. Hupimwa kwa mita maalumu ya nguvu ya mwanga.

Lebo nayo isikutulize. Mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima kalamu za leza 122. Karibu asilimia 90 ya zile za kijani, na asilimia 44 ya nyekundu, hazikutimiza kanuni za usalama. Basi kalamu ya leza isiwe kitu cha kuchezea mtoto.

Mama, huhitaji kuwa fundi ili kulinda nyumba yako. Muulize kijana maswali haya manne.

La kwanza: nguvu yake ni miliwati ngapi, na umeipima kwa nini? Akijibu kwamba ameikadiria tu, kazi isimame.

La pili: miwani yako ya kinga imeandikwa nini? Miwani ya jua haifai. Miwani ya leza huandikwa nanomita inazozuia na kiwango cha kuzizuia. Inayozuia buluu huenda isizuie nyekundu. Na kila aliyemo chumbani huvaa yake.

La tatu: mwale unaishia wapi? Uishie kwenye kitu kisichong'aa wala kushika moto, chini ya usawa wa macho ya aliyesimama na aliyeketi. Usielekezwe dirishani, njiani, wala angani kwa ndege.

La nne: watoto wako wapi? Wawe nje ya chumba, mlango umefungwa. Lenzi ya mtoto hupitisha mwanga wa buluu mwingi kuliko ya mtu mzima, na mtoto hupenda kutazama kinachong'aa.

Je, mtoto akipigwa na leza? Usingoje alie. Retina haina mishipa ya maumivu, kwa hiyo anaweza kuumia bila kuhisi chochote. Ikiwa ni mkubwa kidogo, mzibe jicho moja kisha la pili, na umwonyeshe mistari ya daftari. Akisema mistari imepinda, au kuna doa katikati, hiyo ni dalili mbaya. Lakini hata asipoona kasoro, mpeleke siku hiyo hiyo kwenye hospitali yenye kliniki ya macho. Mweleze daktari rangi ya leza na nguvu yake kama unazijua. Asisugue jicho. Usimtie maziwa ya mama, maji ya majani, wala dawa ya matone iliyobaki nyumbani. Sehemu ya retina iliyoungua kabisa haioti tena, lakini daktari anaweza kutibu matatizo yanayofuata, kama damu kuvuja ndani ya jicho, akiyaona mapema.

Leo jioni, keti na kijana wako, umuulize maswali hayo manne. Asipoweza kuyajibu yote, dayodi ifungiwe kabatini mpaka aweze.